Wotapampu ya Probox: kuibadili nyumbani inawezekana, ila kwanza tujue kama ndo yenyewe inayochemsha gari

"Fundi habari za kazi. Nina Probox ya 2008, injini 1NZ, nabeba vitunguu toka Ruaha Mbuyuni kuleta Iringa mjini. Wiki mbili sasa kila nikipandisha Kitonga na mzigo taa nyekundu ya joto inawaka, nikisimama dakika kumi inazima. Maji yanapungua kama nusu lita kila safari, upande wa fenibelti chini kuna madoa ya pinki, na asubuhi nikiwasha kuna mlio kama wa panya. Fundi wa hapa kasema wotapampu imekufa ila ili itoke lazima afungue taimingi cheni, na anataka tutoe na themostati maana huku Afrika haihitajiki. Bei aliyonipa imenizidi. Spana ninazo, jeki ninayo, shemeji yangu anajua ufundi kidogo. Naweza kuibadili mwenyewe nyumbani? Na je naweza kupiga kazi mpaka mwisho wa mwezi nikiwa naongeza maji tu?"

Ndugu yangu pole. Nianze na majibu mawili ya haraka alafu tuje taratibu. Kubadili mwenyewe, ndio unaweza, kwa injini hiyo na kwa mtu mwenye spana na subira ni kazi ya siku moja. Kuendelea kupiga kazi mpaka mwisho wa mwezi, hapana, na hapo ndo nitakung'ang'ania kweli maana pampu ni hela ndogo ukilinganisha na kitakachofuata.

Hilo la taimingi cheni tulimalize kwanza. Kwenye 1NZ pampu imekaa nje, inazungushwa na fenibelti hiyohiyo inayozungusha alteneta na kompresa ya AC. Cheni iko ndani ya mfuniko wake na haina habari na pampu. Sitaki kumsema vibaya huyo fundi, inawezekana amezoea gari ambazo pampu inazungushwa na taimingi belti, mfano zile Toyota za injini ya 3S, Harrier za zamani za 1MZ au Subaru Forester na Impreza za injini ya EJ, huko kweli huigusi pampu bila kufungua taimingi. Yako sio hivyo. Kama bei yake ilikuwa na kazi ya kufungua cheni ndani, bas hapo umeshajua kwanini imekuzidi.

Sasa tuelewane pampu yenyewe ni kitu gani, maana wengi wanadhani ndo inayopoza maji. Haipozi chochote, kazi yake ni kuyasukuma tu. Ndani ina kifeni kidogo kilichofungwa kwenye shafti, shafti inapita kwenye beringi, nje kuna puli ya belti. Kati ya maji na beringi kuna sili, na sili hii ina nyuso mbili ngumu zinazosuguana usiku na mchana, kinachozilainishia ni kulanti yenyewe, yaani yale maji ya rangi ya kupozea injini. Ukitumia maji ya bomba au ya kisima miaka mitatu, chumvi na kutu vinazikwangua hizo nyuso, maji yanaanza kupenya kidogokidogo kuelekea kwenye beringi. Waliotengeneza walilijua hilo, ndo maana chini ya shingo ya pampu kuna kitundu kidogo cha makusudi, ili maji yakipita sili yatokee nje uyaone badala ya kuingia kwenye beringi kimyakimya. Hayo madoa yako ya pinki yaliyokauka kama chumvi, kama yanaanzia kwenye hicho kitundu, basi pampu imeshakupa taarifa. Na mlio wa panya asubuhi ni beringi inayoanza kukauka, au belti iliyolowa maji inateleza kwenye puli, vyote viwili vinatokea pamoja mara nyingi tu.

Kwanini inakusumbua Kitonga na sio kule chini tambarare? Hapa watu wengi hawaelewi na ningependa uelewe kwasababu itakusaidia maisha yako yote ya gari. Mfuniko wa rejeta sio kifuniko tu cha kuzuia maji yasimwagike, ni kifaa cha kushikilia presha, ukiuangalia juu umeandikwa namba, kwa gari hizi mara nyingi 0.9 au 1.1. Presha hiyo inafanya maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 120. Bila presha, Dar maji yanachemka kwenye 100, na kwa mwinuko wa Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 toka usawa wa bahari, yanachemka kwenye 95 hivi. Sasa pampu inapovuja, hata tone tone, presha haishiki vizuri, na maji yanapungua. Weka juu yake magunia ya vitunguu, gia namba mbili, injini inazunguka kwa kasi huku gari inaenda mwendo wa mtu anayekimbia kwahiyo upepo wa kwenye rejeta ni mdogo, alafu kila mita unayopanda maji yanachemka mapema zaidi. Tambarare gari inakuvumilia. Mlimani hamna kuvumiliana.

Na kwa sababu hiyohiyo usije ukafungua huo mfuniko gari ikiwa ya moto, hata kama una haraka na abiria analalamika. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 yametulia tu kwa ajili ya presha, ukiiachia sehemu yake inageuka mvuke ghafla na kuyarusha maji ya moto usoni kwako. Kitambaa hakisaidii. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono bila kuuachia.

Kuhusu kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Nakuelewa, gari ndo ofisi. Ila silinda hedi ya 1NZ ni aluminiamu, ikichemka vizuri mara moja au mbili inapinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inaungua, na hapo hatuongelei tena pampu, tunaongelea kushusha hedi, kuipeleka kukwanguliwa, gasketi, boliti mpya, oili mpya, na gari kulala gereji wiki nzima. Alafu beringi ya pampu ikikamata ghafla inakula belti, na belti ikikatika unapoteza pampu, alteneta na AC kwa mkupuo, uko katikati ya Kitonga na lori ziko nyuma yako. Kama ni lazima kabisa utembeze, tembeza mjini, bila mzigo, asubuhi na mapema, na ujazie maji ikiwa ya baridi kabla ya kuwasha. Shika puli ya pampu gari ikiwa imezimwa uitikise, ikicheza hata kidogo paki, hiyo haina majadiliano.

Kabla hujaenda kununua pampu kuna kitu kimoja naomba usikiruke. Gari yako imeshawasha taa nyekundu mara kadhaa, kwahiyo lazima tujue kama gasketi ya hedi bado nzima, maana watu wengi wanafunga pampu mpya alafu gari inachemka vilevile wanaanza kulaumu pampu feki. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka juu, mwambie shemeji awashe, wewe angalia mdomoni pa rejeta. Vipovu vichache vya mwanzo sio tatizo, ila vikiendelea kutoka mfululizo kama soda, au maji yakiruka, hiyo ni hewa ya kwenye silinda inaingia kwenye maji. Fungua na kifuniko cha oili, ukikuta utelezi mweupe kama chai ya maziwa ni dalili mbaya, na toa dipstiki uangalie. Kitu kingine, funga mfuniko, washa ikiwa baridi, kama ndani ya dakika moja mpira wa juu umeshakuwa mgumu kama jiwe wakati maji bado ya baridi, gasketi imekwenda. Ukiona dalili mojawapo hapo usinunue pampu kwanza, nenda gereji wakupimie.

Angalia pia kama uvujaji kweli unatoka kwenye pampu. Mpira wa juu ukipasuka kwenye klampu, maji yanashuka na upepo wa feni unayatawanya mpaka upande wa belti, unamshika mtu asiye na hatia. Safisha eneo lote kwa maji, kausha, washa dakika ishirini, chukua tochi na kioo kidogo uchungulie chini ya pampu.

Themostati sasa, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta. Hii ya "huku Afrika haihitajiki" nimeisikia tangu naanza kazi na sijui nani aliianzisha. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Iko pale ili injini ifike joto lake la kazi haraka na ikae hapo. Kwa injini yako inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 mpaka 84, ikishafunguka yote maji yanapita yatakavyo. Ukiitoa, asubuhi ya Iringa ile ya mwezi wa 6 na wa 7 injini itatembea ya baridi nusu ya safari, kompyuta inaona baridi inaongeza petroli, oili haikauki unyevu, mafuta unayatupa. Na kuna injini nyingi ambazo themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto mengine yanarudi injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, kwahiyo mlimani unachemsha zaidi ya mwanzo. Themostati ikigoma kufunguka dawa ni kuweka mpya. Kuipima ni rahisi, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha, uone kama inafunguka kabla maji hayajachemka. Kwakuwa utakuwa umeshamwaga maji yote, mi ningeibadili siku hiyohiyo pamoja na oringi yake.

Kununua. Nenda na pampu ya zamani mkononi kama unaweza, au angalau namba ya chesisi. Aisin ndo kampuni ya kundi la Toyota inayotengeneza pampu nyingi za Toyota, ukipata yake na duka unaliamini chukua. Pampu ya mtumba iliyotoka na injini sikushauri, sili yake imekauka stoo na hujui ilikula maji gani. Ukiwa dukani zungusha shafti kwa mkono, inatakiwa iwe nzito kidogo na laini, isikwaruze wala isicheze. Hakikisha gasketi imo kwenye boksi. Nunua na belti mpya kama ya zamani ina nyufa au imelowa kulanti muda mrefu, maana unaifungua vyovyote vile.

Haya, kazi yenyewe. Gari iwe baridi, imelala hapo toka jana. Toa terminali hasi ya betri. Nafasi ni finyu upande wa belti, yaani upande wa dereva kwa gari zetu, kwahiyo utalegeza nati za tairi ya mbele kulia, upige jeki, uweke STENDI (miguu ya chuma ya kuegemeza gari), alafu utoe tairi na zile plastiki za ndani. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, na tofali za kuchoma sio stendi, zinapasuka bila kuaga. Tairi za nyuma weka mawe.

Weka beseni chini ya rejeta, legeza kile kifungio cha plastiki cha kumwagia maji, taratibu kwa mkono maana kimezeeka na kikivunjika umejitafutia safari nyingine ya dukani. Kulanti ina ladha ya utamu na ni sumu, usiache beseni wazi watoto, mbwa au kuku wakapita. Usiimwage kwenye mfereji wala shambani, weka kwenye dumu uandike.

Kabla hujatoa belti, legeza kwanza boliti tatu za puli ya pampu. Belti ikiwa bado imekaza inaishikilia puli isizunguke, ukishaitoa utabaki unahangaika na bisibisi kuizuia. Zikilegea ndo ulegeze alteneta, utoe belti, utoe puli, sasa pampu unaiona. Imeshikwa na boliti tatu na nati mbili, spana namba 10. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, kila boliti unayotoa ichomeke mahali pake kwenye boksi, usijiamini kwamba utakumbuka. Pampu ikigoma kutoka igonge kidogo kwa mpini wa mbao pembeni, usichomeke bisibisi katikati ya nyuso mbili ukaanza kubinua, aluminiamu ikichimbika huko utavuja milele. Maji mengine yatamwagika ukiivuta, usishtuke, ndo yale yaliyokuwa yamebaki kwenye bloku.

Hapa ndo pa kutumia muda wako. Gasketi ya zamani inabaki imeganda kwenye bloku, na uso huo ukiwa mchafu hata pampu ya bei gani itavuja. Kwangua kwa kitu cha plastiki au mti mgumu, malizia na kitambaa chenye petroli kidogo, msasa mkali hapana. Ziba tundu kwa kitambaa safi uchafu usiingie ndani. Nikikuona unatumia saa nzima hapa nitafurahi kuliko nikikuona unamaliza kazi yote kwa saa moja. Silikoni? Gasketi mpya ikikaa kwenye uso safi haihitaji silikoni. Watu wanapaka kama siagi kwenye mkate, inayozidi inakatika ndani inaenda kuziba mirija ya rejeta na hita, alafu baada ya miezi miwili anarudi anasema gari inachemsha tena.

Kukaza, boliti hizo ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu. Kipimo ni kama 11 Nm, hiyo ni nguvu ya kiganja na spana fupi, sio ya bega. Kaza zote kwa vidole kwanza, alafu kwa kupokezana kona kwa kona. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilikata boliti namna hiyo kwenye gari ya mteja, nilidhani nikiongeza robo mzunguko itakuwa salama zaidi, tukashinda mpaka usiku tunachimba kipande kilichobaki ndani na drili, na siku hiyo sikulipwa. Usirudie kosa langu.

Rudisha puli, belti, kaza belti kiasi kwamba ukiibonyeza katikati kwa dole gumba inaingia kidogo tu. Ukiikaza sana unaua beringi mpya ya pampu na ya alteneta, ndo sababu moja ya pampu mpya kufa ndani ya miezi.

Kulanti, usichague kwa rangi tu. Rangi ni rangi, kila kampuni inapaka yake, cha muhimu ni aina iliyoandikwa kwenye kopo, na usichanganye aina mbili. Toyota yako ilitoka na pinki, endelea na ya Toyota au inayosema inafaa kwa Toyota. Soma kama imeshachanganywa au ni ya kuchanganya, kama ni ya kuchanganya tumia nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, ila hakikisha ni maji na sio asidi ya betri maana makopo yanafanana na kuna mtu alishakosea. Nunua lita 5 zilizochanganywa zinakutosha.

Na sasa kitu ambacho kinaharibu kazi nyingi nzuri, hewa. Injini ikiwa tupu imejaa hewa, na hewa ikikaa kwenye hedi haipozi kitu, na pampu haiwezi kuisukuma kama inavyosukuma maji. Unaweza kuwa umefunga kila kitu sawasawa na ukaua gasketi siku hiyohiyo. Kwahiyo inua mbele ya gari kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho, mimina kulanti polepole kwenye rejeta huku shemeji anabonyeza mpira wa juu na kuuachia, utasikia inakoroma inatoa vipovu. Ikijaa washa gari mfuniko ukiwa wazi, iache sailensi, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, kila maji yakishuka ongeza. Themostati ikifunguka kimo kitashuka ghafla, hapo mpira wa chini utapata joto. Ikitulia funga mfuniko, acha feni iwake na kuzima mara mbili, huku unahisi hewa ya hita ndani. Ikiwa moto umesawazisha. Ikiwa ya baridi wakati injini imeshapata moto, ndani ya mfumo wa maji hewa bado ipo, zima, subiri ipoe, rudia. Kama hita yako ilishakatwa, na najua Probox nyingi zimekatwa, basi rudia zoezi la kupoza na kujaza mara tatu hivi. Kichupa cha akiba jaza mpaka alama ya juu.

Usishtuke ukiona unyevu kidogo kwenye kitundu cha pampu mpya dakika za mwanzo, sili inajikalisha. Ikiendelea kudondosha kesho yake, irudishe dukani.

Wapi uache na umuite fundi: boliti ikikatika, ukikuta unalazimika kufungua maunti ya injini (kile kinachoishikilia injini kwenye bodi) ili mkono uingie na huna jeki ya pili ya kuegemeza injini, au uso wa bloku umeliwa na kutu mpaka una mashimo. Hapo sio aibu, mwambie akufanyie kipande hicho tu, na mkubaliane bei kabla hajashika spana. Na kama kuna msomaji mwenye Subaru ya EJ anasoma hii anataka kujaribu, taimingi ikikosewa jino valvu zinagonga pistoni, hiyo mpelekee anayeijua. Wenye Prius ya kizazi cha 3 pampu yenu ni ya umeme, hata belti haina, msidanganywe kubadilishiwa fenibelti.

Ukimaliza usiende kupakia vitunguu kesho yake. Lala, asubuhi angalia kimo cha maji ikiwa baridi, ongeza kilichopungua. Safari ya kwanza nenda mpaka Ilula ukiwa mtupu, urudi, acha ipoe, angalia tena. Kimo kikikaa vilevile siku mbili, shuka Ruaha Mbuyuni ukapakie nusu ya mzigo, pandisha Kitonga na gia ndogo AC ikiwa imezimwa, na dumu la maji safi la lita 5 liwe nyuma ya siti.